Jezi Iliyobaki Msumarini

Ijumaa, tarehe 17 Januari 2014, tulifungwa sita kwa moja. Ilikuwa mechi yetu ya tisa mfululizo kupoteza, na bao la tano nililifunga mimi kwenye goli letu wenyewe, kwa goti, bila mtu kunisukuma. Naanza na hilo nisije nikaonekana najificha nyuma ya wenzangu.

Timu yetu ilikuwa ya watu wa Afrika Mashariki waliokuwa wakifanya kazi Dubai: Watanzania, Wakenya na Mganda mmoja. Walikuwemo walinzi, wapishi, mafundi wa viyoyozi. Mimi nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Garhoud, karibu na uwanja wa ndege, na kwa sababu hiyo nilipewa kutunza jezi. Tulicheza kila Ijumaa saa moja asubuhi ili Waislamu tuwahi msikitini na Wakristo wawahi ibada yao, ambayo huko nayo ilikuwa Ijumaa. Kiwanja kilikuwa cha nyasi za plastiki, Al Nahda, mwendo wa dakika kumi kutoka nyumba tuliyopanga. Pembeni kulikuwa na kibanda cha bati chenye mabenchi mawili na bomba la maji. Humo ndimo tulimobadilishia nguo, na humo ndimo yalimotokea mengi ya haya ninayoandika. Kiwanjani hayakutokea mengi, tulikuwa tunafungwa tu.

Kipa wetu alikuwa amefariki Oktoba iliyotangulia.

Alikuwa Mkenya wa Kitale, mbeba mizigo pale pale hotelini kwetu. Tulilala chumba kimoja cha watu sita, kwenye dabodeka moja, yeye chini mimi juu. Asubuhi moja niliteremka nikamgusa mguu kumwamsha, kama nilivyofanya kila tulipokuwa na zamu moja, na mguu ukawa wa baridi. Nikadhani ni kiyoyozi. Nilikizima kiyoyozi kwanza, ndipo nikamwita jina. Daktari alisema ni moyo. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na hakuwahi kulalamika juu ya kitu chochote isipokuwa mabeki wake.

Makaratasi yalichukua karibu wiki mbili. Mimi ndiye niliyemfungia sanduku: mashati, viatu, Biblia, saa aliyokuwa amemnunulia mama yake na kuificha kwenye soksi. Siku mwili uliposafirishwa nilikuwa zamuni. Mashine za kufulia zina kelele, lakini zikisimama unazisikia ndege. Sikujua ya kwake ni ipi. Nikawa natoka mlango wa nyuma kila mara, naitazama kila iliyopaa.

Kitu kimoja hakikuingia sandukuni, jezi yake ya kipa, ya njano, mikono mirefu. Aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa kibanda Ijumaa yake ya mwisho, kwa vile nilikuwa nimeusahau mfuko wa jezi nyumbani, na ikabaki hapo.

Ijumaa ya kwanza baada ya ndege kuondoka tulirudi kucheza. Kapteni wetu, Mkenya, mlinzi katika jumba moja la maduka, alinyoosha mkono kuiteremsha ile jezi, kisha akaurudisha.

"Wacha ikae kwa leo," alisema.

Leo ile ikawa miezi mitatu.

Hakuna aliyetaka kuitwa kipa. Tukaanza kupokezana: kila mechi mtu mwingine anasimama golini akiwa na fulana yake ya nyumbani. Alianza fundi wa viyoyozi, akafuata mpishi, ikafika zamu yangu, nikafungwa manne kipindi cha kwanza na nikaambiwa nimejitahidi. Novemba akaja Mganda, kijana mfupi mpana, mlinzi wa hoteli ya Al Rigga. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu kama yuko gwaride akasema kwamba yeye ni golikipa, alikidakia kikosi kimoja cha jeshi kwao kwa miaka minne. Tukamshukuru, tukampanga beki wa kushoto. Mguu wa kushoto hakuwa nao kabisa. Hakuuliza kitu. Kila Ijumaa alikuja mapema, akacheza beki vibaya, akaenda zake.

Niseme jinsi kibanda kilivyokuwa, maana nadhani hapo ndipo tulipopotelea. Zamani tukifungwa, kibanda kilikuwa kinatikisika. Marehemu alikuwa wa kwanza kuingia na wa kwanza kupiga kelele. Alitupa glavu sakafuni, akamtaja mtu mmoja mmoja kwa makosa yake. Mimi aliniambia napiga mpira kama mtu anayekunja shuka, na wenzangu wakacheka mpaka na mimi nikacheka. Kisha tunakunywa chai ya maziwa ya kwenye chupa, tunakula chapati, tunakwenda. Lakini baada ya yeye kuondoka tuliingia kimya na kutoka kimya. Tulikaa kwenye mabenchi vichwa chini, vikombe mikononi, tukipisha mtu apite kwa adabu kubwa. Ungepita mlangoni ungedhani tumetoka makaburini. Aliyechelewa hakuulizwa. Aliyekosa mazoezi ya Jumanne hakuulizwa. Aliyefunga goli la kwetu, kama mimi, alishikwa bega. Sababu ilikuwa moja, na ilisemwa kwa sauti ya chini: tuko msibani.

Tusidanganyane, hata akiwepo tulikuwa tunafungwa. Alikuwa kipa wa kawaida, hodari kwa mipira ya juu na mbovu kwa ya chini. Ila baada ya kufa kwake tukawa tunazungumza kana kwamba alikuwa ukuta. Mimi niliyelala juu yake miaka mitatu nilijua ukweli, nikanyamaza.

Na kulikuwa na jambo jingine nililolinyamazia, ambalo nitalisema likifika mahali pake.

Basi siku ile ya sita kwa moja tulikaa kama kawaida yetu. Mlango ukafunguliwa, akaingia msimamizi wa ligi, Msudani mmoja mtu mzima mwenye heshima zake. Alitutazama tulivyoinama, akavua kofia. Alimwendea kocha akamwuliza kwa Kiarabu, taratibu, nani amefariki.

Kocha wetu alikuwa mzee wa Unguja, dereva wa basi la shule, aliyefika Dubai wengi wetu tukiwa bado hatujazaliwa. Kiarabu chake kilikuwa cha huko huko. Akajibu kwamba ni kipa wetu.

"Yule wa Oktoba?" Msudani akauliza.

Kocha akasema ndiye. Msudani akabaki na kofia mkononi, hajui aivae au aishike. Kisha akasema lile lililomleta. Kulikuwa na timu nyingine iliyokuwa ikisubiri nafasi muda mrefu, vijana wanaokuja kwa wakati na wanaokimbia. Yeye hakuwa na tatizo na timu inayofungwa, kila ligi ina wa mwisho. Lakini wapinzani walianza kumlalamikia kwamba wakicheza na sisi wanaona haya kushangilia. Akatupa mpaka mwisho wa mwezi. Asipoona tofauti, khalas, nafasi yetu ataitoa. Alitupa pole tena, akafunga mlango polepole kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Hicho kibanda na hizo saa mbili za Ijumaa ndivyo tulivyokuwa navyo. Siku nyingine zote mtu ni namba ya beji, anaambiwa yalla hapa, yalla pale, yes sir, yes madam. Ijumaa ndiyo siku mtu alikuwa anatukanwa kwa Kiswahili.

Kocha akasema tuzungumze, kila mtu aseme tatizo ni nini. Watu wakasema. Mmoja akasema viatu. Mwingine akasema zamu za usiku zinamaliza miguu. Mpishi akasema tunakula vibaya, na hakuna aliyemjibu kwa kuwa chapati zilikuwa zake. Msumari uko nyuma ya mlango, jezi ya njano inaning'inia, na hakuna aliyegeuza shingo upande ule. Nilikuwa nimeukalia upande wangu wa benchi nikiomba mazungumzo yaishie kwenye viatu.

Kapteni akaweka kikombe chini.

"Kocha, wacha nikuulize kitu na usikasirike," alisema. "Nyinyi mnamaliza lini?"

"Tunamaliza nini?"

"Matanga."

Kocha alimtazama. "Matanga gani, mwanangu? Zetu sisi siku tatu. Tulimaliza Oktoba."

"Sasa jezi ni ya nini hapo?"

"Si nyinyi mliosema ikae? Marehemu wenu, jezi mmeiacha nyinyi, mie Mzanzibari niiteremshe kwa amri ya nani?"

Kapteni alijishika kichwa. Alieleza kwamba Wakenya walishamaliza zamani, wao walifanya maombi yao nyumbani kwa mmoja wao na wakasema wamemwachilia. Lakini waliona Watanzania, wengi wao Waislamu, wameinamisha vichwa, na mtu fulani aliwahi kuwaambia kwamba Waislamu wana arobaini. Wakasubiri arobaini. Arobaini ikapita, jezi iko pale pale, vichwa viko chini.

"Nikasema labda iko mia," kapteni akasema. "Mimi nitajuaje? Mungu ni wenu."

Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma alicheka kwa pua. Halafu mwingine. Hatukuwa tumecheka humo tangu Oktoba na kicheko kilitoka vibaya, kama bomba lililokaa bila maji. Miezi mitatu Wakenya walikuwa wanawastahi Watanzania na Watanzania wanawastahi Wakenya, na huku tunafungwa sita.

Mganda akanyoosha mkono.

"Afande," alimwambia kocha, "mimi ni golikipa."

"Ulisema," kocha akamjibu. "Wallahi ulisema."

Baada ya hapo kicheko kikaisha chenyewe, na nikahisi wamenigeukia. Hawakukubaliana kunigeukia, waligeuka tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka kibanda kizima kikawa kinanitazama mimi.

"Dobi," kapteni alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, "ukweli ni kwamba wote tulikuwa tunakuangalia wewe. Wewe ndiye mfiwa hapa. Ukiinama, tunainama."

Nikasema nitauliza kwao marehemu. Nilisema hivyo ili nipate siku chache, hilo nalikiri. Nilitumaini familia yake itasema isiguswe.

Baada ya sala nilikaa kwenye ngazi za jengo letu nikapiga simu Kitale. Mama yake alikuwa hapokei simu tangu msiba, aliyepokea ni dada mkubwa wa marehemu, ambaye nilikuwa nimezungumza naye mara tatu tu, zote kuhusu makaratasi. Tulisalimiana kirefu. Kuku walikuwa wanalia nyuma yake. Nikamweleza habari ya jezi, msumari, zamu za golini, Msudani na kofia yake. Nilieleza yote bila kupumzika, nikamaliza kwa kumwuliza wao wanaonaje.

Akaniambia kwamba nguo za ndugu yake zilikwisha gawiwa wiki ile ile baada ya mazishi, kama wanavyofanya siku zote. Ukoo ulikaa, sanduku nililolifunga mimi likafunguliwa, kila kitu kikapata mtu. Koti alichukua mjomba. Viatu vilimtosha mtoto wa shangazi. Hata mikanda ilikuwa na wenyewe.

Nikamwambia mimi sikujua. Mimi nilidhani wamelihifadhi sanduku.

"Tulihifadhi la nini? Nguo ikikaa inaliwa na mende," alisema. "Hiyo jezi ndiyo nguo yake moja ambayo haijagawiwa, na wewe ndiye uliye nayo. Igawe, ndugu yangu. Ama unataka nipande ndege nije nigawe mimi?"

Nilicheka, na nikicheka hivyo machozi yakanitoka, nikageukia ukutani kwa sababu watu walikuwa wanapanda ngazi na mifuko yao ya sokoni. Hakuniharakisha. Nilipotulia akaniuliza kama siku hizi tunashinda. Nikamwambia hapana, mechi tisa mfululizo.

"Hata yeye alikuwa anatuambia hivyo hivyo," alisema. "Kila Ijumaa akipiga simu tunamwuliza, anasema wamefungwa. Mama alikuwa anauliza kwani mlienda huko kufungwa."

Tukaagana. Nilibaki pale kwenye ngazi muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kubeba kitu kizito kwa niaba ya watu wa Kitale, kumbe wao walikuwa wameshakitua zamani, na saa ile mdogo wake wa mwisho alikuwa labda yuko shambani na shati nililolikunja mimi.

Jumatano nilipotoka kazini nilipita kiwanjani. Mlinzi, mzee wa Kipakistani, alinifungulia kibanda. Aliponiona naiteremsha jezi aliuliza kama ni yetu. Timu zilizotumia chumba hicho siku nyingine zilidhani ni yake yeye, na yeye alidhani ni ya mmoja wao, kwa hiyo kila mtu aliiogopa.

Nilikwenda nayo kazini Alhamisi. Hapa niseme kuhusu harufu. Kwa miezi mitatu sikuifua kwa sababu ndani yake kulikuwa na jasho lake. Mimi ni dobi, najua nguo inakuwaje ikiachwa na jasho, na yeye mwenyewe alikuwa mtu safi kupita kiasi. Alikuwa akiniletea jezi yake ikiwa bado mbichi, ananifuata mpaka mlangoni kuhakikisha naiweka kwenye mashine na siyo sakafuni. Angejua nimeiacha msumarini hivyo angenitukana mpaka nikome. Niliisogeza usoni nikiwa peke yangu kwenye chumba cha shuka. Haikunuka yeye. Ilinuka bati na unyevu, kama kitu chochote kilichokaa kwenye kile kibanda. Nadhani harufu yake ilikuwa imekwenda tangu Novemba, na mimi nilikuwa nalinda vumbi. Nikapata nafuu kama mtu aliyefika nyumbani akakuta kumbe mlango hakuuacha wazi. Nikaifua peke yake kwa maji ya vuguvugu, nikaipiga pasi mikono yote miwili.

Ijumaa, tarehe 24, watu walifika mapema kuliko kawaida. Nilisimama. Sijazoea kusimama mbele ya watu. Nikasema hii ni nguo ya marehemu, dada yake amesema igawiwe, na mimi ndiye ninayeigawa. Lakini kabla ya kuigawa kulikuwa na lile jambo, nikalisema.

"Mimi nilikuwa napenda tukifungwa."

Nikaendelea. Nikawaambia kwamba kila tulipofungwa nilisema moyoni, mnaona, bila yeye hatuwezi. Niliogopa Ijumaa tutakayoshinda, kwa sababu siku hiyo tutatoka kibandani tunaimba na yeye atakuwa amekufa kweli. Nikawaambia lile bao la goti sikulifunga kwa makusudi, lakini lilipoingia sikuumia. Walijua hayo au hawakujua, ilinibidi niwaambie, kwa sababu walikuwa wananifuata mimi na hawakujua nawapeleka wapi.

Kocha alikuwa anatazama sakafu. Kapteni alikuna shingo.

"Ungesema mapema, Dobi," alisema, "tungekuweka benchi."

Walicheka, na mpishi akanipiga mgongoni kwa nguvu isiyokuwa na pole ndani yake. Nilikuwa nimesahau mkono wa namna ile ukoje.

Nikampa Mganda jezi. Aliipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akaivaa. Marehemu alikuwa mrefu. Mikono ilimpita vidole, chini ikafika nusu ya paja. Aliikunja mikono mara tatu. Mtu akamwambia amevaa kanzu, anaweza kwenda nayo msikitini moja kwa moja. Hakucheka. Alitoka nje akaenda golini, akagusa mwamba wa kushoto, akagusa wa kulia.

Tulifungwa mbili kwa moja.

Lakini alidaka penalti, na alipoidaka alipiga kelele ambazo sikujua kama zimo ndani ya mtu yule. Kuanzia hapo hakunyamaza tena. Aliwaita mabeki kwa majina ya kazi zao, aliwatuma, aliwafokea kwa Kiswahili cha kikosini ambacho nusu yake hatukuielewa na chote tulikitii. Wapinzani walipofunga la pili walishangilia bila haya, wakaruka juu ya mwenzao, na nilipowaona niliumia kabisa. Niliumia kama mtu anavyopaswa kuumia.

Kibandani kelele zilianza kabla ya mlango kufungwa. Kapteni alisema bao la pili ni la kipa, alitoka golini mapema mno. Mganda alisema hakutoka mapema, alitoka kwa sababu yule kwenye kona aliachwa peke yake, na aliyemwacha anajulikana. Nani? Afande Dobi. Nikasema mimi nilikuwa na mtu wangu. Kapteni akaniuliza mtu gani, akaeleza mbele ya wote jinsi nilivyosimama, na akasimama hivyo hivyo, mikono kiunoni, mpaka mpishi akamwaga chai. Nikamwambia yeye mwenyewe hajakimbia tangu Desemba. Msudani alipitisha kichwa mlangoni, akatusikiliza, akavaa kofia yake, akaenda zake. Kocha alikuwa anapiga makofi, yalla wanangu, sala hiyo, bishaneni mkiwa mnavaa.

Nilifungua mfuko wa jezi nikasimama nao katikati ya chumba kama ilivyokuwa kazi yangu. Wakawa wanavua na kurusha huku wanabishana. Mganda aliivua ile ya njano juu ya kichwa, imelowa tepetepe, ina weusi wa nyasi za plastiki kifuani, akairusha bila kutazama. Ilinipiga usoni. Nikaitia mfukoni pamoja na nyingine, nikavuta kamba.